Modemu Mbili za Simu Zisipoelewana

Modemu, vifaa vinavyopitisha data ya kompyuta kwenye laini ya simu, zinapokataa kuungana, wengi hukimbilia kulaumu laini ya simu. Laini ina makosa yake, lakini kabla ya kumsumbua fundi ni vyema kujua kama modemu zenyewe zinaelewana, na jambo hilo hupimwa mezani bila kupiga simu hata moja. Ziunganishe kwa waya wa kawaida wa simu, fungua programu ya mawasiliano kwenye kila kompyuta, kisha andika amri ya ATX3D upande mmoja na ATA, yaani pokea, upande wa pili. X3 huiambia modemu isisubiri mlio wa laini, na D isiyofuatwa na namba huifanya ianze mazungumzo papo hapo. Baadhi ya modemu hazifanyi kazi mpaka zipate umeme mdogo wa laini. Kwa hizo, betri ya volti 9 na rezista ya omu 300 hivi, zikiwekwa katikati ya mmoja wa nyaya mbili, kwa kawaida hutosha. Zikiungana hapo mezani lakini zikashindwa kwenye laini, mtafute fundi. Zikishindwa hapo pia, kosa liko kwenye mapatano yao.

Mapatano hayo yasikilize kwa sikio lako. ATM1 huwasha spika ya modemu hadi muungano ukamilike. Modemu inayopokea huanza kwa mlio mrefu mwembamba wa hezi 2100, ambao katika modemu za kuanzia miaka ya 1990 husikika kana kwamba unagutuka takriban mara mbili kila sekunde. Mlio huo ukipita na modemu yako ikakaa kimya, haijamtambua mwenzake. Ukisikia mvumo mkubwa wa pande zote mbili, ukakatika, ukaanza upya, kisha skrini ikaandika NO CARRIER, yaani hakuna muungano, zimetambuana lakini zimeshindwa kukubaliana juu ya kasi. Haya ni matatizo mawili tofauti, na dawa zake hazifanani.

Kutotambuana hutokea zaidi kwa modemu kongwe. Modemu ya Kimarekani ya Bell 103 na ile ya kiwango cha kimataifa cha V.21 zote hupitisha biti 300 kwa sekunde, lakini inayopiga kwa Bell hutumia hezi 1070 na 1270, na ya V.21 hutumia 980 na 1180, hivyo kila moja ni kiziwi kwa mwenzake. Hata mlio wa kupokea wa Bell ni hezi 2225, juu ya ule wa kimataifa kwa nusu toni moja tu, tofauti ambayo mpiga kinanda ataitambua kuliko fundi wa kompyuta. Modemu nyingi zinazofuata amri za Hayes, yaani hizi zinazoanza na AT, hubadilishwa kwa ATB0, yaani kimataifa, au ATB1, yaani Bell.

Kutokubaliana juu ya kasi ni ugonjwa wa modemu za 56k, yaani za biti 56,000 kwa sekunde. Mwaka 1997 kulikuwa na kambi mbili: X2 ya U.S. Robotics, na K56flex ya Rockwell na Lucent. Hazikuelewana hadi kiwango cha pamoja cha V.90 kilipokuja mwaka 1998. Zinapokutana hupaswa kushuka zenyewe hadi V.34, kiwango cha kabla yao chenye kasi ndogo, lakini kushuka huko mara nyingine hukwama njiani. Usizingoje: zishushe wewe kwa AT+MS=V34, au AT+MS=11 kwa modemu za zamani zenye chipu za Rockwell, na uongeze muda wa kusubiri kwa ATS7=90. Zikiungana, panda tena hatua kwa hatua. Ila modemu mbili za nyumbani hazitavuka biti 33,600 kwa sekunde hata zikiwa za V.90 zote mbili, kwa sababu kasi ya 56k hudai upande mmoja uwe umeunganishwa kidijitali na mtambo wa simu. Usipoteze usiku mzima ukiitafuta.

Huenda zikaungana, taa ya CD inayoonyesha muungano ikawaka, kisha skrini ikajaa takataka. Hakikisha pande zote zimepangwa biti 8, bila pariti (biti ya kukagua makosa), na biti 1 ya kusimama. Takataka zikija sekunde za mwanzo tu, kwa kawaida ni modemu yenye kusahihisha makosa inayobisha hodi kwa isiyo na uwezo huo; zima usahihishaji huo kwa AT\N0, au AT&M0 kwa U.S. Robotics.

Hapo ndipo ninapoonya juu ya kunakili amri za jirani. Niliwahi kuhangaika siku mbili na modemu iliyokuwa ikidondosha herufi katikati ya mafaili, kumbe nilikuwa nimeiandikia &K3 niliyoichukua kwenye mashine nyingine. Kwa chipu za Rockwell, &K3 huweka udhibiti wa mtiririko wa RTS/CTS, yaani nyaya ambazo kompyuta na modemu huambiana tuma au subiri; kwa U.S. Robotics huchagua namna ya kubana data, na mtiririko hauguswi kabisa. Kwa U.S. Robotics anza na AT&F1, ambayo huweka udhibiti huo wa RTS/CTS.

Kama laini yako inapita kwenye kifaa cha simu za intaneti, chagua kodeki (namna ya kugeuza sauti kuwa data) ya G.711, kwani G.729 hubana sauti ya binadamu na kuharibu ya modemu, na uzime pia kifuta mwangwi. Mipangilio ikishakubali, ihifadhi kwa AT&W.