Namna ya kupima lawama za upinzani dhidi ya sheria za serikali mpya

Upinzani unapoilaumu serikali changa kwa sheria ilizopitisha, taarifa yake aghalabu huchanganya yale sheria inayoyasema, namna ilivyopitishwa na maumivu yaliyofuata. Anza kwa kuyatenga. Mfano mzuri ni Sheria ya Fedha ya 2023 nchini Kenya, sheria ya kodi, ya kwanza chini ya muungano tawala wa Kenya Kwanza, ambayo muungano wa Azimio uliipinga bungeni na barabarani.

Lawama inayohusu maudhui ipime kwa sheria iliyotiwa saini, wala si kwa mswada. Mswada ulipendekeza mfanyakazi akatwe asilimia 3 ya mshahara kwa ajili ya nyumba, lakini Kamati ya Fedha ikaishusha hadi 1.5. Basi mwenye mshahara wa shilingi 40,000 alikatwa 600, wala si 1,200, na yeyote aliyeendelea kutaja asilimia 3 baada ya Rais kutia saini tarehe 26 Juni alikuwa akiupigia kelele mswada uliokwisha kubadilishwa. Kuhusu VAT (kodi ya ongezeko la thamani) ya mafuta, iliyopanda kutoka asilimia 8 hadi 16, upinzani haukutia chumvi. Ila sheria hiyo hiyo iliiondoa kodi hiyo kwenye gesi ya kupikia, jambo ambalo mpimaji mwadilifu hana budi kuliandika.

Muda mwingi utumie kwenye utaratibu, kwa sababu hapo ndipo lawama huweza kuthibitishwa kwa karatasi. Weka pamoja mswada ulivyochapishwa, ripoti ya kamati na Hansadi (kumbukumbu rasmi za Bunge) ya Kamati ya Bunge Zima, pale wabunge wote wanapoupitia mswada kifungu kwa kifungu, kisha utie alama kila kifungu kilichoingizwa baada ya wananchi kutoa maoni yao, maana Ibara ya 118 ya Katiba inalitaka Bunge liwashirikishe. Vifungu vya namna hiyo vilikuwa miongoni mwa sababu zilizoifanya Mahakama ya Rufaa, tarehe 31 Julai 2024, kuitangaza sheria nzima kuwa kinyume cha Katiba. Usiishie hapo, kama walivyoishia wengi: Mahakama ya Juu iliutengua uamuzi huo tarehe 29 Oktoba mwaka huo huo.

Maumivu ya maisha ndiyo magumu zaidi kuyapima, kwani bei ya mafuta hufuata pia soko la dunia na thamani ya shilingi. Linganisha bei za mwezi kwa mwezi za EPRA, mamlaka inayopanga bei za mafuta, na usiibebeshe sheria mzigo wote.

Mwisho, ugeukie upinzani wenyewe. Tarehe 6 Oktoba 2022 Spika Moses Wetang'ula aliipa Kenya Kwanza wabunge 179 na Azimio 157, baada ya kuwahesabu 14 waliohama upande. Azimio ililalamika, na Mahakama Kuu ikaubatilisha uamuzi huo wa Spika Februari 2025. Hata hivyo, Mswada wa Fedha uliposomwa mara ya pili tarehe 14 Juni 2023, waliounga mkono walikuwa 176 na waliopinga 81 tu, pungufu sana ya wale 157 wa Azimio. Fungua orodha ya kura katika Hansadi ya siku hiyo, umtafute mbunge wako wa upinzani, uone kama alipinga, aliunga mkono au hakuwepo ukumbini.