Somo: Anza kuwekeza na 50,000 kwa mwezi, na usiichomoe njiani

Wakuu, naongea na mwenye mshahara wa kawaida hapa Bongo. Kinachotuangusha wengi sio kukosea pa kuweka, ni kuchomoa hela kabla haijakomaa, ndo maana hatua zangu zote zinazunguka hapo.

Hatua ya 1: hela ya dharura ikae pembeni kwanza. Mimi niliruka hii, nikaingia kwenye hisa moja kwa moja sina akiba nyingine yoyote, mama akalazwa, nikaenda kuuza bei ikiwa imeshuka na mnunuzi nikampata baada ya siku kumi na kitu, maana pale DSE (Soko la Hisa la Dar es Salaam) sio kila ukitaka kuuza kuna mtu anakusubiri. Nikala hasara na bado nikakopa. Tenga matumizi ya miezi mitatu uweke sehemu inayotoka haraka, mfuko wa Ukwasi wa UTT (taasisi ya serikali inayoendesha mifuko ya uwekezaji wa pamoja) unafaa sana, ukiomba hela inatoka ndani ya siku chache za kazi na hukatwi ada ya kutoka.

Hatua ya 2: kama una mkopo wa kausha damu, maliza huo kwanza. Hakuna uwekezaji halali unaoshinda riba yake.

Hatua ya 3: ipe hela jina na mwaka. Ada ya sekondari ya mtoto 2035, nyumba 2040. Hela isiyo na jina ndo inayoishia kwenye michango ya harusi, na mchango huwezi kukataa kama huna cha kujibu.

Hatua ya 4: chagua kulingana na mwaka wako. Vipande (sehemu unazonunua kwenye mfuko) vya Umoja, mfuko mwingine wa UTT, ni mchanganyiko wa hisa na hatifungani (unaikopesha serikali au kampuni, inakulipa riba), vinapanda na kushuka, kwa hiyo ni vya miaka mitano kwenda mbele. Ukifikisha milioni moja unaweza kuingia kwenye hatifungani za serikali kupitia benki au dalali, unafunguliwa akaunti ya CDS (ya kutunzia hisa na hatifungani zako) basi. Mfano ile ya miaka 20 iliyotolewa 2022 yenye kuponi (riba ya mwaka) ya 12.10%, milioni moja inakupa 121,000 kwa mwaka, inaingia mara mbili, 60,500 kila miezi sita. Usiile, irudishe kwenye vipande.

Hatua ya 5: benki ikate yenyewe mshahara ukiingia, halafu vumilia. Tuchukulie faida ya 10% kwa mwaka (sio ahadi, ni hesabu tu). Ukiweka 50,000 kila mwezi, baada ya miaka 5 una kama milioni 3.87, wakati umeweka milioni 3, yaani inakatisha tamaa kabisa na hapa ndo watu wanatoa wananunua bodaboda. Mwaka wa 10 una milioni 10.2. Mwaka wa 15 ni milioni 20.7, yaani ile mitano ya mwisho peke yake imeleta zaidi ya miaka kumi yote ya mwanzo! Anayetoa mwaka wa sita amebeba mzigo wote akashukia kituo cha kabla ya mavuno.

MASWALI

Mkuu, miaka 20 si hela imefungwa? Nikipata shida je?
Haijafungwa, unaweza kuiuza DSE kupitia dalali kabla ya muda, au kuiweka dhamana benki ukakopa. Ila kama serikali imeshatoa mpya zenye kuponi kubwa, ya kwako itanunuliwa kwa bei ya chini. Rudi hatua ya 1.

Mimi Muislamu, hiyo kuponi si riba?
Ndugu yangu, swali la maana. Hatifungani za kawaida ziache. Sukuk (zinazofanana na hatifungani ila hazina riba) zimeshaanza kuorodheshwa DSE, mfano Fursa Sukuk ya KCB ya 2022, na hisa unaweza kuchagua kampuni ambazo biashara yake haina shida, muulize na sheikh wako.

Kuna grupu la WhatsApp wanatoa 30% kwa mwezi, mbona wewe unatuambia 10 kwa mwaka?
Dada, toka humo leo. DECI, ule upatu uliokula hela za watu, walikuwa na maneno hayohayo ya kupanda mbegu mpaka serikali ilipowasimamisha 2009. Kama umeshaweka, omba yako yote sasa hivi, usisubiri mwisho wa mwezi, na usimwingize mtu mwingine.

Kipato changu hakieleweki, nauza mitumba, nafanyaje?
Usijifunge na 50,000. Kila siku ya mnada ukishahesabu mauzo, toa elfu tano au kumi kabla hujarudi kununua belo, tuma palepale kwa simu. Ila wewe hatua ya 1 ifanye ya miezi sita, sio mitatu.