Canter ya zamani: kazi ya kufanya kabla hujapuliza rangi

Wakuu, hii ni kwa wenye Canter na Fuso za miaka ya 90 wanaotaka zirudi kupendeza. Niliyonayo gereji sasa hivi imebeba chumvi ya Bagamoyo miaka mingi, so naelezea hiyohiyo, maana kutu ya chumvi haina mchezo.

Kwanza osha. Osha kwelikweli kabla hujagusa msasa. Grisi ngumu ilainishe kwa mafuta ya taa halafu pitisha sabuni ya unga na maji ya bomba mengi, inua kebini usafishe na huko chini, kona za chasisi zote, rudia hata siku tatu. Ukipiga msasa grisi ikiwa bado ipo unaishindilia kwenye mikwaruzo, siku ya kupuliza rangi inakimbia pale inaacha vitobo.

Halafu fungua. Bampa, taa, vitasa, raba za milango, boliti weka kwenye mifuko na uandike za wapi. Kuna mafundi wanaziba raba kwa tepu tu, mimi sikubali kabisa, kutu ya Canter inapenda kukaa chini ya raba ya kioo cha mbele na chini ya kapeti la kebini. Ng'oa uone.

Sasa kutu yenyewe. Gongagonga na bisibisi, ikizama kata mpaka ufike bati zima kisha chomelea kipande kipya, ila kabla ya kuchomelea chomoa waya za betri na za alteneta usije ukaiunguza. Niliwahi kuletewa gari ambalo fundi wa mwanzo aliziba tundu la mlango kwa gazeti, juu akapaka puti, ule uji mzito wa kujazia mabonde unaokauka ukawa mgumu. Mwenye gari alilipia rangi mara mbili ndani ya mwaka mmoja, na gari ndiyo inalisha watoto wake. Iliniuma sana. Puti sio bati jamani!

Bati likishakuwa jeupe, yaani halina kutu wala rangi ya zamani, piga praima ya epoksi (rangi ya chini ya kuzuia kutu) siku hiyohiyo, kwa unyevu wa Pwani ukilala nalo wazi asubuhi limeshaanza wekundu. Ikikauka kwaruza kidogo ndio puti ifuate, isizidi milimita 3, hadina (dawa ya kuigandisha) gramu 2 kwa puti gramu 100, ukizidisha inapasuka. Msasa wa puti ni mkavu, namba 80 kisha 180, maji hapana maana puti inayanyonya.

Juu yake praima ya kujazia, nyunyizia rangi nyeusi kidogo sana ya kukuonyesha mabonde, sugua na msasa namba 400 na maji kwa kibao sio kwa vidole. Weusi ukibaki mahali, hapo kuna shimo, rudi.

Barakoa ya vichujio vaa muda wote, vumbi la puti na moshi wa hadina vinaua mapafu. Na kabla ya kupuliza fungua koki ya chini ya kompresa umwage maji yote.