Namna ya Kula katika Mgahawa Unaojali Mazingira Jijini Tanga

Mgahawa unaojinadi kwamba unapika mazao ya wakulima na wavuvi wa karibu hutambulika upesi zaidi kwa kile unachokosa kuliko kwa maneno yaliyoandikwa ukutani. Ukipewa menyu ndefu, na mhudumu akakuhakikishia kwamba kila kilichomo kipo, iwe msimu wa upepo wa kusi au wa kaskazi, basi jikoni kuna majokofu makubwa na bidhaa zilizosafiri mbali. Panapopikwa mazao ya siku utaambiwa mapema kwamba kambakochi hakuna, kisamvu kitakuwapo kesho, na juisi iliyobaki ni ya ukwaju tu. Ukiambiwa hivyo, vuta kiti ukae.

Inafaa ujue misimu kabla ya kutoka nyumbani. Kabichi, karoti na viazi mviringo huteremka kutoka Lushoto kupitia Mombo, ambako pia kuna skimu ya umwagiliaji inayolimwa mpunga. Hiliki, mdalasini na pilipili manga hutoka upande wa Amani. Nazi ziko tele Pangani. Na machungwa ya Muheza hujaa sokoni katikati ya mwaka. Embe hushamiri kuanzia Novemba, kwa hiyo juisi ya embe mwezi Juni inastahili kuulizwa asili yake. Piga simu asubuhi, uliza kilichofika, kisha agiza na utaje idadi ya watu, kwa kuwa mpishi anayenunua vya siku hiyo hupima kulingana na wateja wake, na mabaki huwa machache.

Samaki ndiye anayehitaji uangalifu mkubwa zaidi. Pwani ya Tanga iliumizwa kwa miaka mingi na uvuvi wa baruti, ambao huua wadogo kwa wakubwa na kusambaratisha matumbawe wanamojificha na kulishia. Uliza kwa upole: “Samahani dada, changu huyu amevuliwa kwa mshipi, kwa mtego wa dema au kwa nyavu?” Anayenunua kwa mvuvi anayemfahamu hujibu bila kusita, na mara nyingine mpishi mwenyewe hutoka jikoni kueleza. Omba pia uonyeshwe samaki kabla hajapakwa viungo. Macho yawe angavu, matamvua yawe mekundu, na nyama ukiibonyeza kwa kidole irudi mahali pake. Aliyeuawa kwa baruti huwa amelegea, mara nyingi uti wa mgongo umevunjika, na tumbo likipasuliwa huonekana damu iliyovia ndani. Kwa upande wa pweza, kanuni za uvuvi zinakataza kuvua aliye chini ya gramu 500, hivyo pweza mdogo aliyeletwa mzima ndani ya bakuli si wa kusifiwa, hata akiwa laini kiasi gani. Kasa analindwa na sheria. Ukinong’onezewa kwamba nyama yake ipo, ondoka.

Usisahau kuuliza kuhusu moto, jambo ambalo wateja wengi hulipita. Mboga zilizolimwa karibu hazina maana kubwa zikichemshwa kwa kuni za mikoko iliyokatwa ufukweni. Gesi inafaa, na kwa samaki wa kuchoma vifuu vya nazi hutoa moto mzuri bila kugusa msitu, tena, kwa maoni yangu, harufu yake hushinda ya mkaa.

Bei isikushangaze. Kusi inapovuma kwa nguvu vyombo vidogo haviendi mbali, samaki huadimika, na kumbana mwenye mgahawa apunguze ni kumsukuma kwenye samaki wa bei rahisi asiyejulikana alivyovuliwa. Siku hizo agiza mbaazi za nazi au matembele ya tui kwa wali, pamoja na dafu badala ya maji ya chupa. Beba bakuli lako lenye kifuniko kwa ajili ya kitakachobaki, kwani mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku tangu Juni 1, 2019, lakini vyombo vya plastiki vya kutumia mara moja bado vinazagaa. Bakuli hilo mkabidhi mhudumu unapoagiza, kabla hajakufungashia kwa namna aliyoizoea.