Kuamsha haidroliki ya trekta asubuhi yenye baridi kali

Pampu nyingi za haidroliki (mfumo unaoinua vitu kwa presha ya oili) nilizozifungua hazikuuawa na kazi nzito. Ziliuawa na zile dakika chache za asubuhi, oili ikiwa nzito kama asali na dereva ana haraka. Pampu inavuta, oili inachelewa kufika, ndani yake yanazuka mapovu yanayopasuka kwa nguvu na kudonoa chuma.

1. Kabla ya kuwasha, chomoa kijiti cha kupimia oili ya haidroliki. Oili yenye rangi ya maziwa ina maji. Tangi hutoa jasho kwa ndani linapopoa usiku, na chini ya nyuzi 0 maji hayo huwa chembe za barafu zinazoziba chujio. Usiwashe, badilisha oili na chujio kwanza.

2. Washa, acha injini ingurume kwenye raundi 1,000 hivi kwa dakika, kwa muda wa dakika 10 hadi 15. Baridi ikizidi, ongeza muda. Usipandishe raundi ili ipate joto upesi, maana hapo ndipo pampu inanyimwa oili.

3. Sikiliza. Hatua hii naithamini kuliko zote, kwa kuwa sikio hugundua tatizo kabla nguvu ya kuinua haijapungua. Ukisikia mlio mwembamba, au kama changarawe inasagwa, shusha raundi. Mlio usipokoma, zima, kisha kagua kiwango cha oili, chujio na mpira unaopeleka oili kwenye pampu, kwani mpira huo ukilegea unaingiza hewa.

4. Zungusha usukani kushoto na kulia taratibu, usifike mwisho. Halafu inua na ushushe lifti (mikono ya kuinulia zana) ikiwa tupu, mara kadhaa. Sili, yaani mipira inayozuia oili isivuje, zimekakamaa kwa baridi. Ukizishtua kwa mzigo, zinachanika.

5. Chagua oili kwa kitabu cha trekta yako. Namba ya VG kwenye chombo cha oili inaonyesha mnato, yaani uzito wake wa kutiririka, kwenye nyuzi 40, hivyo VG 32 ni nyepesi kuliko VG 68. Lakini trekta nyingi hutumia oili moja kwa haidroliki, giaboksi na breki, kwa hiyo usimimine oili yoyote nyepesi tu. Na tafadhali, usiizimue kwa dizeli au mafuta ya taa: unaondoa ulainisho na kuharibu sili.

Silinda ikidondosha oili asubuhi, ipe muda ipate joto. Ikiendelea kuvuja, badilisha sili. Kwenye mipira ya presha usipapase kwa mkono kutafuta uvujaji, tumia kipande cha kadibodi. Oili yenye presha hupenya ngozi, na ikipenya nenda hospitali saa hiyohiyo hata kama jeraha ni dogo kama tundu la sindano.