Bata mzinga jike akigoma kutoka kiotani

Wafugaji wenzangu wa hapa Arua, jike la bata mzinga likikaa kiotani siku nzima, msikimbilie dawa. Mwangalie kwanza. Akijitandaza, akivimbisha manyoya na kukufokea ukimsogelea, huyo anaatamia tu. Kuatamia ni siku 28, na wengine husahau hata kula. Mimi humnyanyua taratibu kila asubuhi, nimpeleke kwenye maji na chakula, naye hurudi mwenyewe.

Lakini akiingia na kutoka kiotani bila kutaga, akasimama wima mkia chini, akijikamua na kuhema, hapo yai limekwama. Mkalishe kwenye beseni la maji ya uvuguvugu kama dakika 20, kisha mweke mahali penye joto na kimya. Usilivunje yai ndani, tafadhali! Lisipotoka siku hiyohiyo, mwite daktari wa mifugo.

Mara nyingi chanzo ni upungufu wa chokaa (kalsiamu) mwilini. Pumba za mahindi peke yake hazitoshi. Mwekee makombe ya ziwani yaliyosagwa kwenye chombo chake, ajichukulie, na mukene (dagaa) kidogo.