Mfarishi wa inchi 12 kutoka gunia la vipande

Kila fundi wa nguo ana gunia la vipande ambalo hawezi kulitupa. Langu lilikaa chini ya meza ya kukatia miaka mingi, hadi mume wangu akawa analiita mke mwenzangu. Tangu mimi na wenzangu tuanze mchezo wa kushona mifarishi midogo ya viraka limepungua nusu, na sasa hata naona sakafu.

Tuko wanawake tisa, hapa Mombasa. Tunakutana Jumamosi moja kila baada ya miezi miwili, na mwenye baraza ya siku hiyo ndiye anayetoa sharti ambalo mifarishi ya safari ijayo lazima ilifuate. Kipimo hakibadiliki: inchi 12 kwa 12. Atakayekuja mikono mitupu safari hiyo ataleta mahamri na mbaazi za watu tisa, na ni marufuku kununua. Faini hiyo imefanya kazi kuliko maneno yoyote ya kuhimizana.

Kipimo nakitetea. Kwanza tulijaribu inchi 6, na kila tulichoshona kikaishia kuwa kitambaa cha kuepulia sufuria, kwa sababu mishono ilijaa na hapakubaki uwanja. Kwa upande mwingine, ukichukua ukubwa wa kitanda utaanza kuogopa, na mtu anayeogopa hushona miraba. Gauni la mteja huwezi kulifanyia majaribio. Kipande cha inchi 12 ukikiharibu umepoteza jioni mbili na kitambaa ambacho tayari kilikuwa taka. Basi kiharibu.

Kwa asiyejua, mfarishi una tabaka tatu: uso, kitu cha kutia unene katikati, na bitana. Dukani utauziwa pamba ya godoro, lakini ni nene mno kwa kazi ndogo. Mimi natumia blanketi jepesi la mtumba kutoka soko la Kongowea, lile lililokwisha kufuliwa hadi likalainika. Blanketi moja la mtoto hutoa vipande vya mwaka mzima.

Sharti la mwisho lilikuwa gumu kuliko yote yaliyotangulia: tumia leso, yaani khanga, yenye jina lake, ule msemo uliochapwa, lakini neno moja tu lisomeke. Nitaeleza kazi kwa kulifuata hilo.

Anza na maji, kabla ya mkasi. Leso mpya ina wanga na rangi isiyotulia. Iloweke kwenye maji baridi, uyamwage, uiloweke tena, mpaka maji yatoke meupe. Kisha chukua kitambaa cheupe kilicholowa na ukisugue juu ya sehemu nyekundu. Kikitoka na waridi, bado. Chumvi ambayo watu huniambia nitie sijaiona ikinisaidia hata mara moja. Mwaka jana nilikuwa na haraka, nikashona kisutu kipya, leso yenye nyekundu, juu ya kitambaa cheupe bila kukifua, na mwisho nikanyunyiza maji kidogo tu kufuta chaki. Nyekundu ilitambaa mbele ya macho yangu kama chai iliyomwagika juu ya mkeka. Mfarishi ule uko kabatini mpaka leo, na sijaupatia kazi.

Leso ikikauka, ipige pasi na uitandaze sakafuni. Chukua upande wa katoni, ukate dirisha la inchi 12 katikati, kisha ulitembeze juu ya nguo taratibu. Hapa usikimbilie, maana nusu ya kazi ni hapa. Leso nzima macho yameizoea: pindo, mji wa katikati, jina, basi. Ukiitazama kwa dirisha inageuka kitu kingine. Nilikuwa na leso ya korosho, nyeusi na machungwa, nimeivaa miaka. Nilipolilaza dirisha upande, kona ikielekea juu, lile korosho likakatika, ukabaki mkunjo mmoja mnene mweusi unaopanda kama moshi, na pindo likakatiza chini yake kwa mshazari. Sikuwahi kuuona mkunjo ule nikiwa nimejifunga leso hiyo kiunoni. Weka alama za chaki mahali pawili patatu, kanywe maji, rudi uchague.

Kuhusu neno, nilifanya kosa la kitoto. Leso yangu ilisema "Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki", nami nikabakisha "rafiki". Wengine pia walishika maneno makubwa makubwa: moyo, mama, wema. Shoga yangu mmoja alikuwa na leso ya methali hiyohiyo kwa rangi nyingine. Yeye alibakisha "ndiye". Alilishona peke yake chini kabisa, na juu yake uwanja mtupu wa kaniki nyeusi. Tulikaa kimya, kisha mmoja akauliza, "Ndiye nani?" Ndipo nilipojua nimeshindwa. Mwingine alileta utata: alifunika jina lote, akaacha ile chapa ya pembeni, "Mali ya Abdulla", ya duka lililoanza hapa Mombasa mwaka 1887, kisha akakata mpaka likabaki "Mali". Tulibishana kama chapa ni sehemu ya jina au la. Mpaka leo hatujaafikiana.

Kuna wanaotuambia viraka ni nguo ya shida. Leso yenyewe, husimuliwa, ilianza kwa kuungwa: katika karne ya 19 wanawake wa pwani walinunua vitambaa vya mkononi vikiwa bado havijatenganishwa, wakakata urefu wa vitambaa sita, wakaugawa vitatu vitatu, wakashona ubavu kwa ubavu ikawa nguo moja pana. Na hata neno leso ni la Wareno, kwa maana ya kitambaa cha mkononi. Kwa hiyo tunapounga, hatuigi mtu.

Njia ya kushona niipendayo nimeichukua kwa Wasidi wa Karnataka, India, ambao wazee wao walitoka Afrika. Mifarishi yao huitwa kawandi. Wengi wetu huunga uso kwanza, halafu ndipo tunashika tabaka zote pamoja. Wao huanza ukingoni na kuzunguka kuelekea katikati, wakishona kiraka moja kwa moja juu ya bitana, hivyo kuunga na kudarizi, yaani kushika tabaka pamoja, kunafanyika kwa mshono uleule. Kwa kazi ndogo hakuna njia inayosamehe kama hii.

Kata bitana inchi 13, ukunje nusu inchi kila upande kuelekea ndani, upige pasi. Blanketi lilikate inchi 12 kamili ulichomeke chini ya mikunjo hiyo. Chukua kiraka cha kwanza, kikunje kingo mbili zitakazokaa nje, ukiweke konani kikilingana sawasawa na ukingo wa bitana. Shona bandi ndogondogo, sindano ikiingia na kutoka, ukipita tabaka zote. Kabla hujafika mwisho wa kiraka, ingiza kinachofuata chini yake au juu yake, kingo zilizo wazi zimekunjwa, uendelee bila kukata uzi. Mstari wa pili uwe ndani ya wa kwanza kwa upana wa kidole. Endelea kuzunguka hivyo. Kiraka cha katikati ndicho cha mwisho, na hicho hukunjwa pande zote nne.

Uzi usizidi dhiraa moja, ukizidi utajifunga mafundo. Na usiuvute. Wanaoanza wote huuvuta, na wakifika katikati kitambaa kimevimba kama chapati iliyokubali moto. Kila ukimaliza mzunguko mmoja, laza kazi mezani uipapase kwa kiganja kutoka katikati kwenda nje. Ukiona imejikunja, fumua mzunguko huo tu. Pasi haitakusaidia hapo.

Wasidi humalizia kona kwa vipande vya rangi vilivyokunjwa pembetatu, phula, maana yake maua. Mimi huwa natia kona moja tu.

Anayetaka cherehani asijinyime. Ili uweze kuzungusha kitambaa upendavyo, meno ya cherehani yasikivute. Mashine nyingine zina kitufe cha kuyashusha. Kama yako ya kukanyaga haina, bandika kipande cha kadi laini juu yake, utoboe tundu la sindano, na urefu wa mshono uweke sifuri. Ukiutoa mguu wa cherehani, ule unaobana kitambaa, kumbuka bado kushusha ile nondo yake, la sivyo uzi hautakaza na chini utapata kiota cha ndege. Vidole viwe mbali na sindano. Kanyaga kwa mwendo mmoja na mikono itembee polepole. Jizoeze kwanza juu ya kipande kibovu, uandike jina lako kwa mshono mpaka lisomeke.

Kumaliza ukingo wa kazi ya cherehani ni kama foronya, na hufanywa kabla ya kudarizi: uso na bitana vitazamane, blanketi liwe nje, shona kuzunguka ukiacha mwanya wa inchi 4, punguza kona, pindua, ufunge mwanya kwa mkono.

Kutundika ndipo watu huchoka na kuharibu. Usipige msumari kwenye kitambaa. Kata miraba miwili ya inchi 3, ikunje ncha kwa ncha iwe pembetatu, uishone kwenye kona mbili za juu upande wa nyuma, ule mkunjo ukiachwa wazi. Hizo ni mifuko. Kijiti kifupi kidogo kuliko upana kinaingia huku na huku na kukaa chenyewe. Mimi hufunga chelewa tano za fagio pamoja kwa uzi, ni nyepesi na hazipindi.

Nyuma shonea kipande cheupe chenye jina lako, tarehe na sharti. Niliacha kufanya hivyo mwanzoni, na sasa nina minne ambayo sikumbuki ilishonwa kwa sharti gani.

Siku ya kuonyesha, kila mtu huja na wake ndani ya mfuko wa karatasi, tunafungua kwa pamoja, na mwenye kazi haruhusiwi kueleza chochote mpaka kila mmoja awe amesema anachoona. Bibi mkubwa wetu, ambaye macho hayamsaidii sana, huishika kila kazi kwa vidole. Yangu ya moshi aliipapasa, akaigeuza nyuma, akaguna. "Mwanangu, hapa ulichoka," akasema, kidole kikiwa juu ya mzunguko wa nne. Ni kweli, nilikuwa nimesinzia.

Safari hii baraza ni yangu. Nimeshaamua sharti: kaniki tupu, uzi mweusi juu ya kitambaa cheusi.